Hatua Moja Nyuma ya Mheshimiwa

Mlango wa ofisi ya kata yetu ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya bluu, na chini umeliwa na mchwa kiasi cha kuku kuchungulia. Mchana kutwa ulikaa wazi. Ukiuona umefungwa jua likiwa juu, basi humo ndani Mtendaji alikuwa anagombana na Diwani. Duka langu linatazamana na mlango huo, kinachotutenga ni barabara tu, kwa hiyo habari za serikali nilikuwa nazipata kabla ya redio. Wateja wakija kununua misumari walikuwa wananiuliza, "Mama Shani, leo umefungwa?" Nami nawajibu, "Umefungwa tangu saa ya chai." Wanatikisa kichwa, wanajua kuna jambo linapikwa.

Baadaye mlango unafunguliwa. Anatoka Diwani kwanza, kidevu juu, anatabasamu. Anatoka Mtendaji, hatua moja nyuma yake, kashika mwavuli mweusi hata kama hakuna wingu. Diwani anasimama barazani na kuwaambia watu uamuzi alioufikia. Na uamuzi wenyewe, ukiusikiliza vizuri, ni yale yale aliyoyasema Mtendaji dukani kwangu asubuhi alipokuja kununua chumvi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi wa ng'ambo ya barabara tulikuwa tunaona na anayeunda.

Usiniulize ni kata gani. Ipo Kyerwa, huko kati ya Kimuli na mpaka wa Murongo, na hiyo inatosha. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa hapa, ingawa babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, na ndiyo maana bado kuna watu wanaoniita mgeni wakikosa kukopeshwa. Labda hicho ndicho kilichonifanya nimtazame sana Mtendaji. Nilitaka kujua jambo moja tu, na nilikaa nalo miaka yote aliyofanya kazi hapa: huyu mwanamke ni mtu wetu, au ni mtu wa serikali aliyewekwa kwetu?

Kwa asiyejua mambo ya kata, yako hivi. Diwani anachaguliwa na watu, na kila baada ya miaka mitano anarudi kwao kuomba tena. Mtendaji anaajiriwa na kuletwa, na anaweza kuondolewa kwa barua moja kutoka wilayani. Kwenye kikao cha maendeleo cha kata Diwani ndiye mwenyekiti, Mtendaji ndiye katibu. Mmoja ana watu, mwingine ana sheria na utaratibu. Wakipatana, kata inakwenda. Wasipopatana, hata choo cha shule hakiishi kujengwa.

Alikozaliwa Mtendaji wetu sikujui. Ukimuuliza alikuwa anasema "kusini", huku anapunga mkono kuonyesha nchi yote iliyobaki. Madiwani aliowakuta na kuwaaga walikuwa kadhaa, na kuhusu hao alikuwa na msemo wake: "Mama Shani, kila miaka mitano naletewa bwana harusi ambaye sikumchagua. Sharti nimpikie, nimfulie, na watu wakija nimsifie." Kisha anacheka kile kicheko chake cha puani na kuondoka na chumvi yake.

Huyu Diwani ninayemsimulia mimi ndiye wa mwisho kufanya naye kazi. Alikuwa kijana kwake, wa umri wa mdogo wake wa mwisho, mtoto wa familia ya Kilutheri yenye kahawa nyingi, mchangamfu, na mwenye sauti ambayo hata mbuzi walikuwa wanageuka kuitazama. Watu walimpenda, na mimi nilimpa kura bila kulazimishwa na mtu. Mbele za watu alikuwa anamwita "Mtendaji wangu". Mlango ukishafungwa, nilimsikia mwenyewe siku moja upepo ulipovuma vizuri, alikuwa anamwita "Mama".

Hilo la "wangu" lilikuwa linanikera. Nikamwambia Mtendaji, "Huyu kakununua mnadani?"

"Mwache," akasema. "Yeye anadhani mimi ni wake, mimi najua yeye ni wangu. Kazi inakwenda."

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii. Diwani akishinda uchaguzi, anakuwa ameahidi dunia. Huyu aliahidi lami mpaka kanisani. Mtendaji hakumwambia mtu hata mmoja kwamba fedha ya lami haipo wala haiji. Alifunga mlango. Ulipofunguliwa, Diwani akatangaza kwamba "awamu ya kwanza ya barabara" itaanza na makalavati pale penye tope linalomeza pikipiki. Watu wakapiga makofi. Makalavati yakawekwa, na mpaka leo akina mama wanapita na ndizi zao bila kuvua viatu. Nilipomuuliza Mtendaji kuhusu lami, alinijibu kwamba ahadi ya mwanasiasa ni kitambaa na yeye ni fundi cherehani. "Ananiletea kitambaa cha kaptura anataka kanzu. Namshonea kaptura nzuri, tena namwacha aseme kaishona yeye."

Siku ya kufungua makalavati hayo Diwani alikata utepe, akapigwa picha, akasifu juhudi zake. Mtendaji alikuwa nyuma yake na mwavuli. Nilimtazama usoni nione kama kuna wivu. Sikuona kitu. Alikuwa anatazama maji yanavyopita chini ya kalavati, na alikuwa anafurahi kama mtu anayetazama mtoto wake akila.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Kwa saa alikuwa mkali kupita mwalimu wa zamu. Kikao cha saa tatu, ukija saa tatu na robo unakaa nje na kuku. Lakini faini hakuwa anapenda kumtoza mtu, akisema faini inamfundisha mtu kujificha tu. Kinyambo, lugha ya hapa kwetu, alijifunza mpaka akawa anaelewa hata matani ya vilabuni, ila kwenye mikutano alikaa kama asiyesikia neno, watu wasengenye wamalize. Senene alikuwa anasema ni wadudu na yeye si kuku. Msimu wa senene ukifika, nilikuwa namkuta nyuma ya ofisi anatafuna na mhudumu, bakuli katikati yao. Nilipomkodolea macho alisema anafanya utafiti.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa nyuma ya nyumba yake ya kupanga. Alikuwa na shamba dogo, zuri, lisilo na jani la ovyo, na humo alipanda maharage, mahindi na viazi. Mgomba hata mmoja hakuna.

Kwetu hilo si jambo dogo. Nyumba isiyo na migomba si nyumba, ni banda la mtu anayesubiri mvua ipite. Na mgomba kwetu haununuliwi. Mtu akihamia, jirani anampa machipukizi kutoka kwenye kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Ukiyapokea umekubali kuwa jirani, na mkungu wa kwanza utakaokata ni lazima umpelekee yule aliyekupa, kwa mkono wako. Ndivyo tulivyo. Babu yangu aliyekuja na mizigo ya kanga alipokea machipukizi kabla hajapokea mteja.

Mtendaji alipoletwa, aliyekuwa wa kwanza kumpelekea machipukizi alikuwa Bibi Kokushubira, mjane wa mlimani, Mkatoliki wa kusali mpaka magoti yakaota sugu. Kibanja chake kilikuwa fahari ya kata nzima. Migomba alipandiwa na mama mkwe wake, na katikati yake amelala mumewe. Bibi alibeba machipukizi kichwani mpaka mlangoni kwa Mtendaji.

"Karibu, mae," akamwambia, kama tunavyomwita mama kwa upendo. "Upande."

Mtendaji akamwamkia shikamoo, akampigia magoti kabisa, akamkaribisha chai. Machipukizi hakuyachukua. "Bibi, mimi ni mtumishi. Nikipanda mgomba, barua ya uhamisho itakuja kabla ya mkungu. Acha nipande maharage."

Bibi akarudi nayo mlimani. Alinipitia dukani, akatua mzigo, akasema, "Huyu mwanamke anaogopa kutupenda." Lakini kila mwaka alikuwa anampelekea tena, na kila mwaka anarudi nayo. Ikawa kama mchezo wao, ingawa nadhani hakuna aliyekuwa anacheza.

Nililifikiria sana jambo hili. Diwani kitovu chake kimezikwa hapa, babu zake wamelala hapa, lakini kiti chake ni cha miaka mitano. Mtendaji ameona madiwani wakija na kuondoka, serikali kwake haina mwisho, lakini hana hata mgomba wa kufungia mbuzi. Sasa kati ya hao wawili, mwenyeji nani, na mpita njia nani? Nilimuuliza siku moja. Akasema, "Ndiyo maana tunahitajiana. Yeye anajua atalala wapi akifa, mimi najua faili liko wapi akishindwa." Hakucheka aliposema.

Na kuhusu mlango nilimuuliza pia. Kwa nini asiseme mbele za watu kwamba Mheshimiwa kakosea, sisi si watoto? Akanijibu kwa methali: "Vita vya panzi furaha ya kunguru. Mimi na Diwani tukigombana barazani, wananchi watagawanyika, wasiopenda kuchangia watapata sababu, na kazi itakufa. Ugomvi wetu una mlango. Nikimwaibisha leo mbele ya watu waliomchagua, kesho hatanisikiliza hata nikimwambia nyumba inaungua." Nikaona ana akili sana. Bado naona alikuwa na akili sana. Ila akili nayo ina mahali inapoishia.

Ulipoingia mnyauko wa migomba, uliingilia bondeni. Majani yanageuka njano, yananing'inia kama nguo iliyoloa, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukizikata ndani zimeoza. Ukikata shina linatoa usaha. Afisa kilimo alikuja na Mtendaji wakatueleza wazi: shina lenye ugonjwa ling'olewe lote, lifukiwe, na panga likitoka kwenye mgomba mmoja lipite kwenye moto au kwenye jiki kabla ya kugusa mwingine. Mimi ninauza mapanga na jiki, nilisikiliza kwa masikio yote mawili.

Mlango ukafungwa, ukafunguliwa, Diwani akatangaza kwamba migomba inayougua bondeni itang'olewa. Hapo watu hawakupiga makofi. Kumwambia mtu wa kwetu ang'oe mgomba ni kumwambia abomoe nyumba. Minong'ono ikaanza, na uchaguzi ulikuwa unanusa mlangoni. Mtu mmoja aliyeutaka udiwani alikuwa ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba akisema, "Diwani wenu anataka mle mahindi kama kuku." Diwani akaanza kukonda.

Ndipo akaja na wazo lake, na wazo lenyewe lilikuwa la upendo, siwezi kumsingizia. Akaitisha msaragambo. Vijana wote na mapanga, twende tukawasaidie wazee kusafisha vibanja, tukate majani makavu, tupunguze machipukizi, migomba ipate nguvu. Walianzia bondeni asubuhi wakiimba, wakapanda kibanja kwa kibanja, Diwani mbele kakunja suruali, anakata kuliko vijana. Mimi nilifunga duka nikawafuata, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kununua kitu. Wakamalizia mlimani, kwa Bibi Kokushubira. Hapo zikapigwa picha. Bibi akatoa ndizi za kuchoma na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na Diwani akamkumbatia akasema kwa sauti yake ile, "Hakuna atakayeng'oa mgomba wa mama yangu mimi nikiwa hai!" Vigelegele vikapanda mpaka mbinguni.

Mtendaji alikuwa hatua moja nyuma. Nilimwona uso umekunjamana, mwavuli kaushika kwa mikono miwili. Mimi nikadhani jua limemchosha.

Waliporudi ofisini mlango ulifungwa, ukakaa umefungwa kuliko siku zote nilizowahi kuona. Nilisikia Diwani akisema, "Mama, ningekumbukaje?" na sauti ya Mtendaji ikiwa chini, nisiisikie. Ulipofunguliwa hakuna aliyetabasamu, na hakuna kilichotangazwa.

Hata miezi haikupita mingi, mnyauko ukaonekana katikati ya mlima, kisha juu zaidi, ukifuata ile ile njia tuliyopita tukiimba. Ukafika kwa Bibi. Bibi akakaa mlangoni kwake anautazama. Wa kwanza kunyauka ulikuwa mgomba ulio jirani na kaburi la mumewe.

Mkutano wa hadhara uliitishwa uwanja wa shule. Watu walikuja hata wasiokuja siku ya chakula cha bure. Wengine walikuwa wanasema mnyauko umeletwa na wataalamu wenyewe ili wauze mbegu mpya. Diwani alisimama, na nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba anaogopa, kwa sababu sauti ilikuwa kubwa mno.

"Wananchi wangu! Mimi nimezaliwa chini ya mgomba! Yupo mtu wa kunituma nikang'oe migomba ya mama zangu?"

"Hayupo!"

"Mtendaji wangu huyu hapa. Mtendaji wangu, waambie wananchi. Kuna kung'oa, hakuna kung'oa?"

Alijua anachokifanya. Miaka yote hiyo hakuwahi kumpinga mbele ya watu. Angesema hakuna, au angesema Mheshimiwa ameshasema, kisha wangeenda kufunga mlango.

Mtendaji aliulaza mwavuli chini. Akapiga hatua ile moja akawa sambamba naye, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mrefu kuliko Diwani.

"Mheshimiwa, kuna kung'oa," akasema. "Ugonjwa ulikuwa bondeni. Umepandaje mlimani? Umepanda na mapanga yetu, siku ya msaragambo. Hakuna panga hata moja lililopita kwenye moto. Si wataalamu walioleta, ni sisi. Na mimi nilikuwepo, na nilikuwa najua. Nilinyamaza, nikisubiri tufike ofisini nimwambie Mheshimiwa mlango umefungwa. Tulipofika ofisini kazi ilikuwa imeshaharibika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuka, na sitaki ninyi mfe njaa kwa ajili yangu."

Mimi nikawa namwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Nilijua mapanga mengi ya siku ile yalitoka dukani kwangu, na jiki zilikuwa zimekaa kwenye rafu.

Bibi Kokushubira akasimama, polepole, akishika bega la jirani yake. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini siku ile kilimtosha.

"Siku ile wewe ulisimama nyuma yake," akamwambia Mtendaji. "Mimi nilikuona na macho yangu haya. Panga linakata mgomba wangu, na wewe umesimama unaangalia. Mbona hukusema, mae? Mimi nilinywa chai yako. Mbona hukusema?"

Mtendaji alifungua mdomo. "Sina jibu, Bibi," akasema.

Bibi akageuka akaanza kupanda mlima kwenda kwake, watu wakamfuata, nami nikafuata. Alipofika alionyesha kwa fimbo: huu, na huu, na ule. Vijana wale wale walioimba wakachimba, safari hii kimya. Diwani alichimba pia. Suti yake ikawa tope, na hakuna aliyempiga picha. Ule wa kwenye kaburi la mumewe Bibi aliuwekea mkono kwanza, kama unavyomshika mgonjwa paji la uso, ndipo akasema, "Haya." Nililia, na sioni haya kusema.

Kwa hivyo kata ilipona, maana wengine walipoona Bibi amekubali, nani angekataa? Lakini barua ya uhamisho ya Mtendaji ilikuja. Wapo waliosema Diwani aliipigania huko wilayani, Rubwera, kwa hasira ya kuaibishwa. Wapo waliosema ni zamu tu, watumishi huhamishwa. Mimi sikujua, na nilipomuuliza yeye alisema, "Mama Shani, barua haisemi nani kaiomba." Siku ya kuondoka alikuja kununua chumvi. Alinigawia maharage yake yote yaliyokuwa bado shambani, akaniachia na funguo nimpe mwenye nyumba. Kwa Bibi hakupanda kwenda kuaga. Aliutazama mlima kwa muda kutoka barazani kwangu, akasema, "Nimpelekee nini? Aliniuliza kitu kimoja tu."

Uchaguzi ulipofika watu wakampumzisha Diwani. Alirudi kwenye kahawa yake. Mkutano ukiitishwa sasa anakaa nyuma kabisa, na sauti amepunguza. Aliyemrithi ni mtu mzima, na mtendaji aliyeletwa ni kijana wa kompyuta ambaye hugombana na diwani wake palepale barazani, mbele ya kata nzima. Siku nyingine naona ndivyo inavyotakiwa, watu wasikie wenyewe. Siku nyingine naona wanapigana tu, na kalavati la kule shuleni limeziba tangu masika na hakuna wa kulizibua. Mtendaji wangu, nami sasa nasema wangu, alikuwa sahihi au alikuwa mwoga? Nililipima swali hili kama sukari, nikiongeza na kupunguza, mizani haikutulia.

Mwaka huu nilikwenda Omurushaka, kule Karagwe, kufuata mzigo wa duka. Mwenye duka la jumla akaniambia yupo mama mmoja mstaafu wa serikali anayekuja kununua chumvi, na kila mara anauliza habari za Kyerwa. Nikacheka peke yangu. Nikachukua bodaboda.

Alikuwa amenunua kiwanja kidogo, kajenga vyumba viwili. Mbele kuna maharage yamenyooka kwa mstari. Majirani walikuwa barazani kwao wanachambua kahawa. Pembeni ya maharage kulikuwa na pikipiki, na nyuma yake gunia limefungwa kwa mpira. Mlango ulikuwa umefungwa, na jua lilikuwa juu.

Ndani walikuwa wanagombana. Sauti moja niliijua hata kabla sijavua viatu. Nikakaa kwenye jiwe, nikasubiri, na nilikuwa na furaha ya ajabu, mithili ya mtu aliyerudishwa dukani kwake miaka ya nyuma.

Mlango ukafunguliwa. Alitoka Diwani kwanza, yule wetu wa zamani, ana mvi kidogo. Akatoka Mtendaji, hatua moja nyuma. Mwavuli hakuwa nao. Alikuwa na fimbo. Aliponiona alipiga ukelele wa shangwe, tukakumbatiana, akanilaumu kwa kunenepa.

"Mama Shani, umekuja wakati mzuri," akasema Diwani. "Mwambie huyu. Nimebeba mzigo kutoka mlimani mpaka hapa, anakataa kuupokea."

Alifungua gunia. Yalikuwa machipukizi ya migomba, mazima, kutoka kwenye kibanja kipya cha Bibi Kokushubira. Bibi bado yupo. Miguu ndiyo imekataa.

"Bibi amenituma mimi," akasema Diwani. "Kasema nilibebe mwenyewe, nisimtume mtu. Kasema hivi: 'Maharage yametosha. Na mkungu wa kwanza aulete mwenyewe, kwa mkono wake, uje pamoja na jibu langu.'"

Mtendaji alikuwa anatazama chini. "Jibu lenyewe sinalo, Mheshimiwa. Ndilo ninalokwambia tangu asubuhi. Nipokee miche ya mtu kwa uso gani?" Alikuwa bado anamwita Mheshimiwa.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika panga."

Mtendaji alisimama akayatazama machipukizi yale, akainama kwa shida, akalishika moja pale penye mzizi. Akakaa hivyo mpaka majirani wakaacha kuchambua kahawa. Hatimaye akaonyesha kwa fimbo mahali penye nafasi, mbele kabisa ya nyumba, akasema, "Pale."

Diwani akafurahi kama mtoto. Akachomoa panga kwenye pikipiki, akakunja suruali, majirani wakasogea kuona, na dereva wa bodaboda wangu naye akasogea. Akaliweka chipukizi la kwanza juu ya jiwe alipunguze mizizi. Akanyanyua panga.

"Mheshimiwa," akasema Mtendaji, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Panga hilo halijachomwa."

Watu wote wakamgeukia. Diwani akabaki na mkono juu.

"Mama, nimelinoa jana."

"Kunoa si kuchoma. Hutakata kitu hapa mpaka lipite kwenye moto."

Nilimwona Diwani akitutazama, mmoja mmoja, sisi tuliokuwa tumesimama pale. Kisha akashusha mkono. Akaniuliza mimi kama nina kiberiti.

Mwenye duka hakosi kiberiti. Nikampa.